Mbona chungu kinayumba na sufuria haina mikono?

SWALI: Shangazi shikamoo. Mama mkwe kanipa chungu kizuri cha kupikia samaki, nimekibandika kwenye jiko la gesi kikalala upande, mchuzi wote chini. Wafinyanzi wanashindwa nini kukipa kitako bapa? Na sufuria nazo mbona hazina mikono, kila siku naungua vidole.
Msomaji, Morogoro

JIBU: Marahaba mwanangu, pole na mchuzi. Chungu chako hakina kosa, jiko ndo si lake. Chenyewe ni cha mafiga, na mawe matatu hayayumbi hata ardhi ikiwa na mabonde, kitako cha duara kinazama katikati, moto unakilamba chini mpaka ubavuni. Halafu udongo na kona haviivi chungu kimoja: ukipata moto unatanuka, na ufa hupenda kuanzia penye kona kali. Mdomo nao umebanwa ili mvuke usitoke ovyo, ndo maana maharage ya chungu huyaongezei maji kila saa.

Sufuria ni bati la aluminiamu, linapitisha joto haraka mno (ukigeuka kuchati tu wali umeshika), na kitako bapa kinatulia kwenye gesi na mkaa. Ila hebu ipapase pale kitako kinapokutana na ubavu, pamepinda, hapana kona. Ukisonga ugali mwiko unazunguka pote, ingekuwa kona kali unga mbichi ungejificha humo na wageni wangekusema hadi wafike kwao.

Sasa mikono. Ule ukingo uliokunjwa kwa nje juu ndo mkono wenyewe! Unalipa nguvu bati jembamba lisibonyee, na koleo au kitambaa kinapata pa kushika wakati wa kuipua. Mikono ya pembeni ingezuia sufuria kuingia moja ndani ya nyingine, na wewe una chumba kimoja seti nzima ungeipanga wapi, kitandani? Mpini wa plastiki ndo usiseme, juu ya mkaa unayeyuka. Hata mfuniko kuwa bapa kuna sababu, sisi wa Pwani wali ukikauka maji tunapalia makaa juu yake, jaribu hivyo na mfuniko wa kioo uone.

Karai ndo lina bonde kwa sababu ya mafuta, kidogo tu yanakusanyika katikati yanapata kina, maandazi yanaelea. Kwenye sufuria pana ungemwaga chupa nzima.

Chungu chako kiinjike kwenye jiko la mkaa, kale kadogo ambako kanakishika ubavuni, anza na moto mdogo na usikitie maji baridi kikiwa cha moto. Na safari hii weka ukwaju, mama mkwe akija asipate la kusema.