Saidia fundi anataka kuchimbua mambo ya kale nje ya nchi

SWALI: Habari za kazi, wahariri. Nina miaka 23, ni saidia fundi hapa Mwanga, Kigoma. Natamani kwenda kujitolea kwenye uchimbaji wa akiolojia Ulaya ingawa sijausomea. Mradi mmoja unataka nilipe kwanza. Ni matapeli? Na nikifika nitafanya nini hasa?

JIBU: Ndugu msomaji, kulipishwa peke yake si utapeli. Miradi mingi ya Ulaya hupokea wasio na uzoefu kwa ada ya mafunzo na malazi. Nauli, viza na bima mara nyingi ni juu yako. Kabla ya kutuma hata shilingi, omba kwa maandishi jina la chuo au makumbusho yanayousimamia mradi, kibali cha serikali cha kuchimba, na mchanganuo wa ada. Kisha kiulize chuo chenyewe, kwa anwani uliyoitafuta mwenyewe. Uliza pia aina ya viza, maana zipo nchi ambazo viza ya utalii hairuhusu kazi hata ya bure.

Ufundi wako ni mtaji mkubwa. Kufunga kamba, timazi na pima maji vyote vinatumika, kwa sababu kuta za shimo lazima zisimame wima ili matabaka ya udongo, yaani tabaka la kila enzi, yasomeke. Kasi ya kuchimba msingi ndiyo uiache nyumbani. Huko tabaka moja hukwanguliwa hadi liishe ndipo lifuate la chini yake.

Mwiko wa plasta ni mkubwa mno. Tafuta wa inchi 4, bapa na shingo viwe chuma kimoja. Uliochomelewa hukatika shingoni. Kwangua kwa ukingo, ukivuta kuja kwako na kurudi nyuma, usikanyage ulipokwisha kusafisha. Ukichoma kwa ncha unatoboa tabaka la chini, na vigae, yaani vipande vya vyungu, vya enzi mbili vinachanganyika.

Kigae kikichomoza usikivute. Kisafishe pande zote, kipimwe na kupigwa picha kikiwa palepale. Kosa linaloumiza zaidi ni la lebo: mfuko wa vigae usio na namba ya tabaka hauwezi tena kurudishwa mahali pake. Andika lebo mbili kwa kalamu isiyofutika, moja ndani, moja nje.

Usiitazame Ulaya tu. Kwenye maporomoko ya Kalambo, mpakani mwa Rukwa na Zambia, uchimbaji wa 2019 ulifukua magogo yaliyochongwa na binadamu wa kale yapata miaka 476,000 iliyopita. Yalidumu kwa sababu yalikuwa kwenye unyevu. Mbao za namna hiyo zikikauka hupasuka, kwa hiyo huwekwa majimaji muda wote.

Kwa mazoezi, usiende kufukua vigae vya Uvinza: Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inadai leseni. Jaza kasha la mbao mchanga wa ziwani, udongo mwekundu na majivu, kila kimoja sentimita 5, ukiwa umefukia vipande vya chungu humo. Kisha yatoe matabaka hayo moja moja, kila moja kwenye ndoo yake, bila rangi kuchanganyika.