Barua kwa mwanangu: mgeni hajiandikii mshahara

Likoni, Mombasa
Julai 2025

Mwanangu mpenzi,

Assalaam alaykum. Ujumbe wako niliusoma jana usiku, nikaurudia baada ya swala ya alfajiri, nikaona kwamba jambo lenyewe halijibiki kwa maneno mawili ya simu. Unasema madaktari wenzako wa Uingereza watagoma kwa siku tano kuanzia tarehe 25, kwa kuwa mshahara wao, kwa hesabu zao, umepoteza thamani sana tangu 2008, na nyongeza ya asilimia 5.4 waliyopewa mwaka huu hawaoni kama imeziba pengo hilo. Unasema pia kwamba miongoni mwao wako wanaonung'unika waziwazi kuwa nafasi za kusomea ubingwa zinagombaniwa na madaktari waliotoka nje, yaani wewe na wenzako wa Nigeria, India na Pakistani. Ndipo ukaniuliza kama usimame nao mlangoni mwa hospitali ama uingie kazini, maana hujui kama wanagoma pamoja nawe au wanakugomea wewe.

Nitakujibu, lakini niruhusu nianze na swali ambalo hukuniuliza, la nani aliyekuleta hapo na kwa fedha ya nani. Tangu ukiwa mdogo umenisikia nikisema kuwa mgeni hajiandikii mshahara, na anayetaka kugombana amtafute aliyetia sahihi. Baba yako, Mungu amrehemu, hakuukubali usemi huo hata siku moja, na sababu alikuwa nayo. Miaka yote aliyokuwa msaidizi wa mpishi mkuu kule hotelini alikuwa akiletewa mkubwa mpya kutoka Ulaya kila baada ya misimu miwili au mitatu, naye ndiye aliyemwonyesha stoo, akamjulisha kwa wavuvi, akamfundisha kupika wali wa nazi wa watu mia mbili bila kuungua, na mwisho wa mwezi akapokea mshahara ambao mwenzake asingekubali hata kuamkia zamu. Alikuwa akiniambia, “Aliyetia sahihi simwoni, ninayemwona ni huyu.” Sikuwahi kupata jibu la kumtosheleza.

Mwaka 2018 wewe ulikuwa chuoni Nairobi, kwa hiyo kisa cha Mkuba wetu, yule daktari aliyeletwa kutoka Kuba, umekisikia vipande vipande. Ili ukielewe ni lazima nirudi nyuma. Mkataba wa maelewano ya pamoja kati ya chama cha madaktari na serikali ulitiwa sahihi Juni 2013, ukafungiwa kabatini bila kutekelezwa. Tarehe 5 Desemba 2016 madaktari wa hospitali za umma wakagoma, na hawakurudi kazini hadi tarehe 14 Machi 2017, siku mia moja, na katikati yake viongozi saba wa chama chao wakapelekwa jela kabla Mahakama ya Rufani haijaamuru waachiliwe. Mgomo haujapoa, serikali ikawaendea jirani zetu wa Tanzania, na Rais Magufuli akakubali kutoa madaktari 500. Madaktari wetu wakakimbilia mahakamani wakisema wako wenzao waliohitimu na hawana ajira, mahakama ikausimamisha mpango huo, na Magufuli akaamua kuwaajiri nyumbani kwao wale 258 waliokuwa wameomba kuja Kenya. Jambo hilo hunifurahisha mpaka leo, kwamba kesi iliyofunguliwa Nairobi iliwapa Watanzania kazi nchini mwao, na hakuna daktari wa upande wowote aliyelazimika kumtazama mwenzake kwa jicho baya.

Kisha ikaja zamu yetu wauguzi. Tuligoma Juni 2017, tukarudi Novemba, miezi mitano. Hayo sina haja ya kukusimulia, kwa kuwa ndio muhula ambao karo yako ilitoka katika cherehani ya shangazi yako.

Tulikuwa bado na madeni ya miezi hiyo wakati madaktari 100 kutoka Kuba waliposhuka Nairobi Juni 2018, mabingwa 47 na madaktari wa familia 53, wakagawiwa kaunti zote. Kwetu walikuja wawili. Kabla hawajafika, ile nyumba ya wafanyakazi iliyo nyuma ya maabara, ambayo ilikuwa imefungwa kwa kuvuja, iliezekwa upya, ikapakwa rangi, ikatiwa jokofu na kiyoyozi, na mlangoni pakawekwa askari. Daktari wetu kijana, yule aliyekuwa akikuazima vitabu vyake, alikuwa ameiomba nyumba hiyohiyo kwa barua akajibiwa kuwa bajeti haipo, na kwa muda wote huo alikuwa akipanga chumba mjini na kuja zamu ya usiku kwa bodaboda.

Siku ya kuwapokea wageni lilipigwa hema uwanjani, ngoma ikachezwa, na afisa mmoja wa kaunti akashika maikrofoni akasema, “Sasa tumepata madaktari wanaopenda kazi.” Mimi nilikuwa safu ya pili. Ubavuni mwangu alikaa muuguzi mwenye mimba ya miezi minane, aliyekuwa ametoka kulinda wodi nzima usiku kucha peke yake, na nyuma yetu alisimama daktari wetu kijana na koti lake limekunjwa mkononi. Wageni wenyewe hawakuelewa neno. Walipiga makofi kwa kuwa waliona wakubwa wakipiga. Miaka saba imepita, mwanangu, na nikiyakumbuka maneno hayo kifua bado kinanibana. Mishahara tulikuwa tumeshazoea kunyimwa. Kuambiwa hatupendi kazi, mbele ya watu ambao tuliwahudumia kwa glavu tulizonunua kwa fedha zetu, hilo lilikuwa jipya. Na nakwambia nililoliona: kabla ya maneno yale sikumsikia mtu hospitalini kwetu akiwachukia Wakuba, bali baada yake wapo waliokataa hata kuwajibu salamu.

Mmoja wao alikuwa daktari wa mifupa, mtu wa makamo, mtaratibu, na kazi yake aliijua. Vijana wa bodaboda waliovunjika miguu, ambao zamani tuliwafunga banzi na kuwapakia gari la wagonjwa hadi Mombasa, yeye aliwaunga palepale, na haki yake hiyo sitamnyima. Lakini Kiingereza chake kilikuwa cha kuungaunga na Kiswahili hakuwa nacho, kwa hiyo katika kila mzunguko wa wodi daktari wetu kijana alisimama kando yake, akimsikiliza bibi kizee kwa Kidigo, akaeleza kwa Kiingereza, akarudisha jibu, akaandika dawa, akaitwa msaidizi.

Usiku mmoja umeme ulipotea na jenereta ikakawia kuwaka, tukakaa barazani kungoja. Akaniuliza, kwa maneno machache aliyoyajua, kwa nini tunamnunia. Nikamweleza lile lililosemwa kwenye maikrofoni. Alinyamaza kwa muda mrefu, kisha akaniambia kuwa fedha zinazotajwa magazetini kwetu hazimfikii zote, kwamba sehemu kubwa hubaki kwa serikali yake, ndivyo mipango yao ya kupeleka madaktari nje ilivyo, na kwamba amemwacha mke na mabinti wawili kwa miaka miwili bila kuulizwa angependa kwenda nchi gani. Nikahesabu mwenyewe gizani: yeye hakutia sahihi, daktari wetu hakutia sahihi, mimi sikutia sahihi, na ndio sisi watatu tunaonuniana.

Najua utanijibu kama baba yako, kwamba hata hivyo aliyelala katika nyumba yenye kiyoyozi ni yeye. Ni kweli, na sikatai kwamba niliumia kila nilipopita mbele ya nyumba ile, hata baada ya kumjua mwenye kulala humo. Wala sitaki ufikiri kuwa upande wa serikali haukuwa na neno la haki hata moja. Mabingwa tulikuwa nao wachache, na walio wengi wameng'ang'ania Nairobi na Mombasa, ambako jioni wanapata pia kliniki za binafsi; Mandera na Lamu walikuwa wakizisikia redioni. Tarehe 12 Aprili 2019 Wakuba wawili walitekwa Mandera wakiwa njiani kwenda kazini, askari mmoja aliyekuwa akiwalinda akauawa, na watu hao hawakurudi kwao hadi leo. Nilipoisikia habari hiyo niliwakumbuka wale mabinti wawili wa Mkuba wetu wa mifupa, nikaona aibu kwa niaba ya kila aliyekataa kumwitikia salamu.

Hata hivyo, nikishamaliza kuwatetea, namkumbuka daktari mwingine kijana, Mkenya wa miaka 28 aliyekufa kwa korona Desemba 2020, akiwa amefanya kazi kwa miezi mitano bila mshahara na bila bima. Hakuwa Nairobi kwenye kliniki ya binafsi, alikuwa wodini. Basi yule afisa na wenzake walitaka upendo gani wa kazi zaidi ya huo?

Oktoba 2023 waziri wa afya alitangaza kuwa mkataba na Kuba hautaongezwa. Wewe ulikuwa umemaliza intanshipu, ile kazi ya mafunzo hospitalini baada ya chuo, umekaa nyumbani, unafundisha biolojia ya jioni kwa watoto wa jirani, na mimi nikadhani kwa kuwa wageni wamekwenda nafasi zitatangazwa. Badala yake, 2024 madaktari wa intanshipu, waliostahili shilingi 206,000 kwa mwezi kwa mujibu wa mkataba wa 2017, wakaambiwa watalipwa 70,000. Mgomo ule ulichukua siku 56, kuanzia Machi hadi Mei, na ulitembea na wenzako barabarani ingawa zamu yako ya intanshipu ilikuwa imeshapita. Wakati huo hapakuwa na Mkuba wa kusingiziwa. Ndiyo maana sichoki kukuambia kuwa mgeni hajiandikii mshahara: wa kwetu waliondoka, na mshahara haukuja.

Sasa nitazame upande wako. Kwa maelezo yako mwenyewe, wewe hukupewa nafasi ya masomo. Umeajiriwa na hospitali kwa mkataba wa mwaka mmoja mmoja, unafanya zamu zilezile za wodini wanazofanya wenzako, lakini miezi hiyo haikusogezi kwenye ubingwa, na kila mwaka unaomba tena upya pamoja na maelfu ya wenzako. Mwingereza naye amesoma kwa deni, amekulia katika nchi inayolalamika kila siku kuwa madaktari hawatoshi, kisha amehitimu akakuta mlango wa ubingwa ni mwembamba na wewe umesimama hapohapo. Nikiwa mamake, ningemwonea huruma. Namwona baba yako katika huyo kijana, na hilo ndilo linalonisumbua, kwa kuwa safari hii mgeni anayeonyeshwa stoo ni mwanangu.

Lakini hukujipeleka. Mtihani wa PLAB, wanaofanya madaktari waliosomea nje, uliwekwa na wao, sehemu ya pili ukaifanyia Manchester kwa fedha za mkopo wa sacco ambao mpaka mwezi huu nakatwa katika pensheni, na hospitali yao ndiyo iliyokuandikia barua. Nchi yao na yetu zilitia sahihi makubaliano ya kupeleka wauguzi huko tangu Julai 2021, wakati hapa wodi zetu zina muuguzi mmoja usiku. Kuna watu wanaofaidika na daktari wa mkataba mfupi asiyeweza kusema hapana kwa sababu ya viza, na sidhani kama ni yule kijana wa Kiingereza.

Kwa hiyo kabla ya tarehe 25 nataka ujue mambo fulani. Usikilize kama yuko mkubwa yeyote wa hospitali anayewaambia wagomaji kwamba ninyi wageni ndio mnaopenda kazi, au anayewaahidi ninyi malipo ya ziada mjaze zamu zao. Ukilisikia neno hilo, hata likisemwa kwa adabu na kwa barua nzuri, fahamu kwamba umeshafanywa fimbo ya kuwachapia wenyeji, na sifa unayopewa hapo haitakuombea nafasi ya masomo mwakani. Uulize pia chama cha madaktari kama madai yake yanawahusu walio kwenye mikataba kama wako. Kama hayawahusu, usinune. Waulize kwa nini, mbele ya watu. Na usome masharti ya viza yako mwenyewe, usitegemee anayokuambia mtu wa kantini.

Hukumu ninayo, mwanangu, na unayajua macho yangu ninapokuwa nayo. Mara mbili nimeiandika katika karatasi hii na mara mbili nimeikata, kwa kuwa mimi niligoma nikiwa na kitambulisho cha nchi yangu na kadi ya chama changu, na ninayemwandikia hana hata kimoja huko aliko. Nikikwambia usimame nao ukarudishwa, deni ni langu lakini aibu itakuwa yako; nikikwambia uingie kazini, sitaweza kumtazama usoni yule muuguzi aliyekaa ubavuni mwangu chini ya hema, ambaye bado tunaswali naye. Acha niishie hapo, ingawa mkono unataka kuendelea.

Yule mwenzako wa zamu, uliyesema mnagawana chai na ndiye aliyeandika kwenye kikundi chenu kwamba wageni wamezidi, mtafute kabla ya mgomo mkae peke yenu. Mweleze mkataba wako ulivyo, kwa mwaka mmoja mmoja, na kiasi unacholipwa; huenda hajui, kama sisi tulivyokuwa hatujui habari za Mkuba mpaka umeme ulipokatika. Kisha umuulize anataka nini kifanyike kwako. Atakachokujibu niandikie kama kilivyo, usikipunguze kwa kunionea huruma.

Dada yako anakusalimu, na shangazi yako anauliza kama sweta ilikufika.

Mamako