Kengele ya shinikizo ikilia, kumbuka filta

Kwa miaka niliyouguza wagonjwa mahututi, nimeona mashine ya kupumulia ikilia kwa shinikizo kubwa, na watu wote wakakimbilia mapafu. Mtazame mgonjwa kwanza, ndiyo. Lakini baada ya hapo shika filta, kile kichujio cha hewa kilichofungwa mwishoni mwa mpira wa kupumulia uliopita kooni mwake, uitazame kwenye mwanga.

Filta hiyo inafanya kazi ya pua, kwa kuwa mpira wa kooni umeiruka. Mgonjwa akitoa pumzi, joto na unyevu hunasa ndani yake. Akivuta, hewa kavu ya mashine huvirudisha kifuani. Filta ikiwa kavu na safi, ukinzani wake ni mdogo: nyingi huongeza shinikizo la sentimita 1 hadi 3 hivi za maji, hewa ikipita lita 60 kwa dakika. Ikilowa, au ikiingiwa makohozi na damu, ukinzani hupanda, na inaweza kuziba kabisa.

Dalili ya filta kuziba ni kwamba shinikizo la kilele, yaani la juu kabisa hewa inapoingia, limepanda, ila ukisimamisha pumzi kidogo, linalobaki kifuani ni lilelile la awali. Pumzi ya kutoka nayo huchelewa. Badilisha filta, shinikizo likishuka, jibu umelipata. Na ukimtoa kwenye mashine ili umpulizie kwa ambu begi, ule mfuko wa kuminya kwa mkono, angalia filta ileile isibaki kwenye mpira, maana begi litakuwa gumu vilevile na utadhani kifua ndicho kimegoma.

Usiifunge pamoja na hyumidifaya ya kupasha maji moto. Chagua kimoja, kwa sababu mvuke utailowesha filta. Ukitaka kumpa dawa ya nebulaiza, yaani ya kuvuta kama ukungu, itoe filta kwanza, la sivyo dawa itaishia humo na filta italowa. Mwenye makohozi mengi mazito, anayetoka damu kifuani au aliyepoa chini ya nyuzi 32 anafaa hyumidifaya.

Kwa watoto nakuwa mkali zaidi. Filta ya mtu mzima huchukua mililita 30 hadi 100 za hewa. Mtoto wa kilo 3 pumzi yake moja ni kama mililita 18. Ukimfungia filta hiyo, atakuwa anavuta tena hewa yake chafu aliyoitoa, hata kama mashine inaonyesha kila kitu kiko sawa. Kama ya kichanga haipo, afadhali asiwe nayo kabisa, utafute njia nyingine ya kumlowanishia hewa.

Najua filta huadimika, na nimesikia habari za kuziosha na kuzianika. Tafadhali, msifanye hivyo. Maji huharibu utando wake, na wadudu wa mgonjwa mmoja wanahamia kwa mwingine. Si lazima kuibadilisha kila zamu. Isiyochafuka inaweza kukaa saa 48, mradi uikague kila unapomnyonya makohozi. Na kwa mwenye kifua kikuu, vaa barakoa ya N95 na usimamishe mashine kabla ya kuifungua filta.