Kusimamia mafundi umeme hospitalini: presha ichukue wewe, fundi mwachie waya

Wiki iliyopita kijana mmoja aliniandikia. Alikuwa fundi wa zamu kwenye kitengo cha umeme cha hospitali, sasa amepandishwa cheo na kukabidhiwa wenzake wale wale aliokuwa akibeba nao ngazi. Wodi zinampigia simu saa zote. Wenzake wanamwita "bosi" kwa sauti ambayo haimfurahishi. Kila mwenye shida anataka iishe sasa hivi. Akauliza: "Kaka, nifanyeje wanisikilize?"

Nilimjibu kwa kifupi siku ile ile, lakini najua wengi mnaosoma hapa ni mafundi mnaoitazama nafasi hiyo, kwa hiyo nitaeleza kama nilivyopitia mwenyewe. Hospitalini kila mtu ana haraka, na haraka yake ni ya kweli kwa sababu kuna mtu amelala kitandani. Msimamizi kazi yake ni kuipokea haraka hiyo yeye, isimfikie fundi aliyeshika bisibisi. Kwangu mimi usimamizi wote unaanzia hapo.

Siku moja niliitwa kwenye bodi ya umeme, lile sanduku la breka, iliyokuwa inalisha wodi ya upasuaji. Breka moja ilikuwa imeungua pale waya unapoingia, plastiki imegeuka kahawia na harufu yake imejaa korido. Fundi wangu alikuwa amefungua mlango wa bodi. Nyuma yake daktari amesimama, kila baada ya muda mfupi anauliza, "Bado tu?" Nilipofika, fundi alikuwa ameshaelekeza bisibisi kwenye skrubu ya fezi, yaani waya wenye umeme, na hajazima kitu chochote. Huyu hakuwa fundi mbovu. Ni mmoja wa mafundi bora niliowahi kufanya nao kazi. Ila mtu akikusimamia mgongoni na kukuhesabia dakika, mkono unafanya mambo ambayo kichwa hakijaruhusu.

Nilimwambia atoe mkono na arudi nyuma. Nikamgeukia daktari: "Dokta, kuanzia sasa maswali yote niulize mimi. Nahitaji nusu saa. Niambie ni mgonjwa gani hawezi kukaa nusu saa bila umeme." Uso wake ulibadilika. Alikuwa anataka mtu wa kuzungumza naye, na fundi aliyeinamia bodi hakuwa mtu huyo. Akataja mashine zinazohitajika, sista akazihamishia kwenye soketi za mzunguko mwingine, nasi tukapata nafasi ya kufanya kazi yetu kwa utaratibu: zima, funga kufuli, weka lebo, pima, ndipo uguse.

Hapo kwenye kupima nisimame kidogo, maana ndipo watu wanapofia. Unapima mara tatu. Kwanza unaweka testa kwenye soketi unayojua ina umeme, uone testa yenyewe ni nzima. Pili unapima pale unapotaka kugusa: fezi kwa fezi, fezi kwa nyutro, fezi kwa waya wa ardhi. Tatu unarudi kwenye ile soketi ya kwanza kuhakikisha testa haijafa katikati ya kazi. Hii ya tatu ndiyo inayorukwa na karibu kila mtu. Kwenye timu yangu haikuruhusiwa kurukwa, na aliyeiruka aliondoka kwenye bodi siku hiyo na kwenda kubadilisha taa.

Hospitali ina mtego mwingine ambao fundi wa majumbani hawezi kuujua. Ukizima umeme wa kuingilia juu ya chenjiova ya otomatiki, swichi inayohamisha mzigo kwenda kwenye jenereta, ile chenjiova haijui kwamba wewe ndiye uliyezima. Inaona umeme umekatika tu. Inaiamsha jenereta, na baada ya sekunde chache umeme umerudi kwenye nyaya ambazo fundi amezipima na kuziona zimekufa. Kwa hiyo kabla ya kazi ya namna hiyo, jenereta inaondolewa kwenye otomatiki, inafungwa kufuli, na ufunguo unakaa mfukoni mwa yule atakayeingiza mkono. Wodi nazo ziwe zimeshaambiwa kwamba kwa muda huo hakuna wa kuziokoa. Na usisahau UPS. Yenyewe ina betri, inaendelea kutoa umeme hata kama umezima dunia nzima.

Sasa niseme linaloniuma.

Kuna usiku umeme ulikatika na jenereta haikuwaka. Starta iligeuka kivivu mara moja, ikanyamaza. Kule ICU, chumba cha wagonjwa mahututi, mashine za kupumulia ziliendelea kwa betri zake za ndani, wauguzi wakiwa wameshashika mifuko ya kupumulisha kwa mkono, tayari kwa lolote. Fundi wa zamu alikimbia akavua betri kwenye jenereta nyingine, akazibeba mikononi, akaziunga, jenereta ikawaka. Hakuna mgonjwa aliyepotea. Kulipokucha tuliitwa kikaoni, na mkubwa mmoja akasema mbele ya watu kwamba mafundi walilala kazini. Alimtaja fundi yule kwa jina. Aliyekuwa na majeraha ya asidi mkononi!

Nilikuwa nimekuja na daftari pamoja na nakala za barua za kuomba betri mpya, kila moja ina mhuri wa kupokelewa. Nikaziweka mezani. Palikuwa kimya, kisha mwenyekiti akasema tuendelee na ajenda inayofuata. Hakuna aliyemwomba radhi yule fundi, si siku ile wala baadaye. Haukupita muda mrefu akaacha kazi. Leo yuko kwingine na wanamthamini, nafurahi kwa ajili yake, lakini nikikumbuka alivyotazama chini kwenye kile kikao, moyo bado unawaka.

Ndugu yangu, andika. Ukiniuliza ushauri mmoja ni huo, na ukiniuliza wa pili nitarudia huo huo. Bila zile barua wangetufukuza wote. Omba kwa maandishi, pokea kwa maandishi, kataa kwa maandishi. Mtu akikuambia kwa mdomo "endeleeni tu kwanza, tutanunua," mtumie ujumbe siku hiyo hiyo ukirudia maneno yake na tarehe.

Na uandike vitu vyenye maana. "Jenereta imekaguliwa, iko sawa" ni sentensi isiyomsaidia mtu. Andika sekunde ngapi zilipita tangu umeme kukatika hadi kurudi. Marekani, viwango vya NFPA, shirika la kukinga moto, vinataka umeme wa maeneo nyeti ya hospitali urudi ndani ya sekunde 10, na jenereta ijaribiwe kila mwezi kwa dakika 30 ikiwa imebeba angalau asilimia 30 ya uwezo wake. Hata kama sheria za kwenu ni nyingine, sababu ni ile ile popote. Injini ya dizeli ikizungushwa bila mzigo haipati joto la kutosha, mafuta yasiyoungua yanabaki kwenye njia ya moshi, na siku unayoihitaji kweli inashindwa. Niliwahi kukuta mahali ambapo kila Jumatatu wanaiwasha dakika tano, wanaisikiliza, wanaizima, wanatia saini. Hilo ni jaribio la sauti tu. Chenjiova haijaguswa, mzigo haujabebwa.

Betri nayo ina udanganyifu wake. Betri ya volti 12 iliyotulia itakuonyesha 12.6 kwenye mita, utaridhika, lakini ukibonyeza starta inaporomoka. Ipime wakati starta inazunguka, na uandike ilishuka hadi ngapi. Mwezi ujao linganisha. Ukiona inashuka zaidi kila mara, umeshapata sababu ya kuandika barua kabla ya usiku mbaya kufika.

Kabla ya hayo yote, tembea. Fuata umeme kwa miguu ukiwa na timu yako, kuanzia tangi la dizeli hadi soketi ya kitandani. Mwaka 2012 kimbunga Sandy kilipopiga New York, hospitali ya Bellevue ilikuwa na jenereta ghorofa ya 13, juu kabisa ya mafuriko. Lakini pampu za kupandisha mafuta zilikuwa chini kabisa ya jengo, na maji yakazifikia. Watu wakapanga mstari kwenye ngazi, wakapandisha dizeli kwa mikono ghorofa baada ya ghorofa, na mwishowe wagonjwa wakahamishwa. Wale walikuwa na jenereta nzuri mahali pazuri. Kitu kimoja tu kwenye mnyororo ndicho kilichokuwa kimewekwa vibaya. Kwenye hospitali yako kitu hicho kipo pia, na hutakiona ukiwa umekaa ofisini.

Nisisahau taa ya njano. Vyumba vya upasuaji na ICU vingi vinalishwa na transfoma ya kutenga, ambayo upande wa pili haujaunganishwa na ardhi. Faida yake ni kwamba hitilafu ya kwanza haikati umeme, upasuaji unaendelea. Kifaa cha ulinzi kinapima ukinzani wa insulesheni, ukishuka chini ya kilo-omu 50 king'ora kinalia na taa ya njano inawaka. Sauti unaweza kuinyamazisha, taa inabaki mpaka hitilafu iondolewe. Basi nini hutokea? Mtu ananyamazisha sauti, upasuaji unaisha salama, na hakuna anayewaita mafundi. Wiki inapita taa inawaka. Siku hitilafu ya pili itakapokuja, breka itakata na mgonjwa yuko mezani. Nenda kwa sista mkuu wa chumba cha upasuaji, mwenyewe, kwa heshima, mkubaliane: taa ya njano ikiwaka, tunaitwa leo, upasuaji ukimalizika tunaingia na kuchomoa mashine moja moja mpaka tumpate mkosaji. Mara nyingi ni waya wa mashine uliokanyagwa na magurudumu ya kitanda. Mimi nilikubaliana hivyo na sista mmoja, na tangu siku ile sikuwahi kupigiwa simu ya hasira kutoka chumbani kwake.

Kuhusu wenzako uliokua nao. Usiwabadilikie sauti. Msimamizi mpya anayeanza kufoka mbele ya wauguzi anajimaliza mwenyewe. Mtu akikosea, mwite kando. Akifanya vizuri, mtaje kwa jina kwenye kikao, ili siku jina lake litakapotajwa kwa ubaya, wakubwa wawe wameshalisikia kwa wema. Na usimsifu kamwe fundi kwa kufanya kazi kwenye umeme ulio hai eti ameokoa muda. Ukimsifu huyo leo, kesho vijana wote watataka sifa ile ile. Tunapenda mashujaa kupita kiasi kwenye kazi hii, na mashujaa wa umeme tunawazika. Mimi nilimpa kila fundi kufuli lake lenye jina lake na ufunguo mmoja tu, nikatangaza kwamba hakuna mwenye ruhusa ya kulifungua kufuli la mwenzake, mimi nikiwemo. Walionicheka mwanzoni ndio waliokuja kuwafundisha wageni.

Majuzi umeme ulikatika mchana upasuaji ukiendelea. Jenereta ikachukua mzigo ndani ya muda, na baadaye daktari akaniambia waliona taa za korido zikipepesa tu. Niliwakusanya vijana nikawasomea daftari la siku hiyo kwa sauti. Nilijivuna, na sioni haya kusema.

Mwisho ni zamu ya usiku, ambayo wasimamizi wengi huisahau kwa sababu wao wamelala. Fundi wa usiku awe na ufunguo wa chumba cha jenereta mfukoni mwake, asianze kumtafuta mlinzi gizani. Awe na tochi ya kichwani, namba za simu za wodi zimebandikwa ukutani, na mwenzake mmoja angalau, kwa sababu hakuna kazi ya bodi inayofanywa na mtu peke yake. Awe pia na barua yenye saini yako inayosema ana haki ya kukataa kugusa kitu ambacho hakijazimwa, hata anayemwamuru akiwa mkurugenzi. Ya kwangu niliiwekea plastiki, ikakaa kwenye kila sanduku la vifaa.