Uliza Fundi: Jenereta inalia "tak" tu, stata haizungushi

SWALI: Fundi habari za kazi. Mi nina saluni hapa Morogoro na jenereta ya petroli ya 5kVA, ya kuwasha kwa funguo. Imekaa muda mrefu bila kuwashwa maana umeme ulikuwa haukatiki, sasa juzi umekatika nikageuza funguo ikalia "tak" alafu kimya, nikarudia "tak" tena. Kwa kamba inawaka, ila kamba imekuwa nzito siku hizi mpaka niite kijana wa jirani. Fundi kaja kasikiliza akasema stata imekufa ninunue nyingine. Ninunue?
Mama Saluni, Morogoro

JIBU: Dada yangu usitoe hela kwanza. Huyo fundi hajapima chochote, na stata, ile mota ndogo inayozungusha injini iwake, haipimwi kwa sikio. Iyo "tak" ni solenoidi inavuta, ile kopo ndogo iliyokaa juu ya stata, maana yake funguo na nyaya nyembamba ni nzima. Kinachokosekana ni ule umeme mwingi wa kuzungusha mota, na huo unatoka kwenye betri unapita nyaya nene unaingia solenoidi ndo unafika kwenye stata, kwaiyo popote hapo njiani pakiwa pabovu utasikia tak ileile.

Wa kwanza kushukiwa ni betri. Betri ya risasi ikikaa tu inajiisha yenyewe polepole, na ikikaa tupu muda mrefu sahani za ndani zinashika salfa, ukiichaji inaonekana imejaa kumbe nguvu haina. Tafuta mwenye multimita, ile mashine ya kupimia umeme, hata ya bei rahisi inatosha, weka DC 20, gusa vichwa vya betri kwa ncha zake mbili, injini ikiwa imezimwa. Betri nzima iliyojaa inasoma volti 12.6 hivi. Ukiona 12.0 au chini iko karibu tupu, ichajiwe kwanza ndo uendelee.

Sasa hapa ndo penye kazi yenyewe: acha zile ncha za multimita hapohapo kwenye betri, mtu mwingine ageuze funguo we uangalie namba. Ikiporomoka mpaka 9 na kushuka, betri imechoka, ata kama mwanzo ilisoma 12.6. Ikibaki kwenye 12.5 huku inalia tak, betri haijaombwa umeme kabisa, njia imekatika mahali: vichwa vya betri vina kutu, au shaba za ndani ya solenoidi zimeungua, au kaboni za stata, vile vipande vinavyopeleka umeme ndani ya mota inayozunguka, zimeisha. Na kaboni zinauzwa peke yake kwa bei ndogo sana ukilinganisha na stata nzima, ndo maana inaniuma mtu akiambiwa anunue stata bila kufunguliwa ile aliyonayo.

Usisahau waya hasi, ule unaofungwa kwenye bodi ya injini, huwa hauangaliwi na mtu. Ncha moja kwenye kichwa cha hasi cha betri, nyingine kwenye chuma kitupu cha injini, geuza funguo: isizidi volti 0.5 hivi. Ikizidi fungua, piga msasa chuma kionekane, kaza. Kwenye betri unafungua hasi kwanza na kuirudisha mwisho.

Alafu umesema kamba imekuwa nzito, hilo silipiti. Injini hizi zina kidude kwenye kamshafti, shafti inayofungua valvu, kinachoinua valvu kidogo wakati wa kuwasha ili mgandamizo upungue. Tapeti, yaani ule uwazi mdogo wa valvu, zikilegea hakiiinui vya kutosha, kamba inakuwa nzito na ata stata nzima inazungusha nusu inagoma. Mwambie fundi aseti tapeti injini ikiwa baridi. Honda GX390, ambayo jenereta nyingi za saizi yako zimeigiza, ni milimita 0.15 valvu ya kuingiza na 0.20 ya kutoa, ila angalia kitabu cha injini yako.

Na usishikilie funguo zaidi ya sekunde 5, pumzisha 10 ndo urudie, kung'ang'ania kunaunguza stata kweli.

SWALI: Yangu stata inazunguka kwa mlio mkali lakini injini imetulia tu. Betri ni mpya. Msomaji, Kahama

JIBU: Kaka hapo umeme unafika, gia ndogo ya stata, bendiksi, ndo haitoki kushika meno ya flaiwili, lile gurudumu zito la injini. Chomoa kofia ya plagi na waya hasi, fungua stata, safisha ile shafti kwa brashi na petroli kidogo, iache ikauke kabisa, alafu sukuma gia kwa mkono uone inakwenda na kurudi laini. Usiijaze grisi, inashika vumbi inaganda tena. Ukiwa umefungua zungusha flaiwili taratibu uangalie meno mzunguko mzima, kama yameliwa sehemu moja basi bendiksi mpya haitakusaidia, ni flaiwili ya kubadilisha.