Kuchemsha maji na chembe za plastiki

Je, kuchemsha maji kunaondoa chembe za plastiki? Kunasaidia, hasa kwa maji magumu (yenye chokaa nyingi), na lazima uyachuje baadaye. Moto wenyewe hauondoi plastiki. Kazi inafanywa na chokaa. Maji yenye chokaa yakichemka, chokaa hujitenga na kuganda, na inapoganda huzinasa chembe ndani yake. Ndiyo ule ukoko mweupe wa ndani ya birika ambao watu wanausugua kwa ndimu. Watafiti wa Guangzhou, China, walipima jambo hili wakachapisha 2024: maji magumu sana yalipungukiwa hadi asilimia 90 ya chembe, maji laini kama asilimia 25 tu.

Kwa hivyo hapa Lamu, tazama birika lako. Maji ya kisima yanayoacha ukoko utayasafisha vizuri. Ya mvua ya jabia (tangi la kukusanyia maji ya mvua) ni laini, hapo usitarajie makubwa (yachemshe tu, vijidudu vitakufa). Yaache yapoe na kutulia, yamimine polepole kwenye kichujio cha chuma chenye matundu madogo, si cha nailoni, na mashapo ya chini yamwage. Chumvi haitoki kwa njia hii.

Na kwa anayesema bora tununue maji ya chupa: watafiti wa Marekani, 2024 hiyo hiyo, walikuta wastani wa vipande 240,000 vya plastiki kwa lita moja ya maji ya chupa, vingi vidogo mno. Bora mtungi wa udongo.