Soma hukumu mpaka kwenye amri

Mdogo wangu unayeanza sheria ya katiba hapa Dar, mjadala wa ulinzi sawa mbele ya sheria hauishi bila mtu kuitaja Obergefell, kesi ya Marekani ya ndoa za jinsia moja. Sauti hupanda, na wengi wanaobishana hawajaisoma. Nami nilikuwa hivyo. Mwaka wa pili niliijaza insha yangu Obergefell tupu, ikarudi na maneno mawili ya wino mwekundu pembeni: "Ibara gani?"

Anzia hapo. Marekebisho ya 14 ya Katiba ya Marekani, ya mwaka 1868, yanasema tu kwamba mtu asinyimwe ulinzi sawa wa sheria, bila kuorodhesha misingi ya ubaguzi. Ndiyo maana mwaka 2015 majaji wa Obergefell waligawanyika 5 kwa 4: wengi waliziruhusu ndoa hizo, Jaji Mkuu Roberts akipinga na kushikilia kwamba suala hilo ni la wapiga kura. Afrika Kusini, kifungu cha 9 cha Katiba ya 1996 kinautaja mwelekeo wa kimapenzi waziwazi. Yetu, ibara ya 13(5), ina orodha yake, na neno "jinsia" liliongezwa mwaka 2000. Kifungu cha 9 cha Sheria ya Ndoa ya 1971 nacho kinasema mwanamume na mwanamke. Ukisimama mbele ya jaji na Obergefell peke yake, utaulizwa swali lile lile la wino mwekundu.

Halafu usiishie kwenye "ameshinda". Nenda kwenye amri, yaani sehemu inayosema nini kifanyike na lini. Katika kesi ya Fourie, ya ndoa za jinsia moja pia, Desemba 2005, Mahakama ya Katiba ya Afrika Kusini iliwapa ushindi walalamikaji lakini ikalipatia Bunge miezi 12 kurekebisha sheria. Jaji O'Regan aliafiki yote isipokuwa muda huo: kwake, aliyebaguliwa hapaswi kusubirishwa. Sheria mpya ilianza kutumika 30 Novemba 2006, siku moja kabla ya muda kwisha. Soma kurasa chache za O'Regan mara mbili.

Kisha fungua kesi yetu ya Rebeca Gyumi. Julai 2016 Mahakama Kuu ilisema vifungu vya 13 na 17 vya Sheria ya Ndoa, vilivyoruhusu msichana wa miaka 15 kuolewa huku mvulana akisubiri 18, vinavunja Katiba, ikaipa Serikali mwaka mmoja kurekebisha. Serikali ikakata rufaa. Mahakama ya Rufani ilithibitisha hukumu hiyo Oktoba 2019. Aliyekuwa na miaka 15 siku ya hukumu ya kwanza alikuwa ameshatimiza 18.